Sauti ya Angel

Jumapili zote Beatha alikaa benchi la mwisho, lile la karibu na mlango, ambako baridi ya Kwemtindi huingia kanisani bila hodi na kukaa magotini pa watu. Benchi lile halikuandikwa jina, lakini usharika mzima ulijua ni la nani. Ni la waliotengwa. Mlevi aliyempiga mkewe sokoni Mlalo alilikalia mpaka alipotubu. Bwana mmoja aliyeoa mke wa pili alilikalia mpaka mke wa pili alipomkimbia na seremala. Wote hao walikuja, wakatubu, wakasogea mbele. Beatha alibaki pale pale mwaka baada ya mwaka, na watu wakazoea kumwona hapo kama walivyozoea kuuona mlango.

Kukaa nyuma si kitu, mtu huzoea. Kilichokuwa kikimla Beatha kilikuwa mbele, karibu na madhabahu, pale mdogo wake Angel aliposimama na kipaza sauti, gauni jeupe, mkono mmoja kifuani, macho ameyafumba, anaimba mpaka wanawake wanatafuta ncha za vitenge wafute machozi. Sauti hiyo iliyowaliza, iliyotoka kwenye spika mbili nyeusi, haikuwa ya Angel. Ilikuwa ya Beatha.

Tusifichane. Angel hajui kuimba. Mungu alimpa shingo ndefu, meno meupe na macho ya kupigwa picha, akaona inatosha. Kaka yao Martin, mpiga kinanda, alikuwa akichomeka flashi kwenye mashine, wimbo uliorekodiwa unaanza, na Angel anaufuata kwa midomo. Kazi hiyo aliijua kuliko mtu yeyote kutoka Mombo hadi Mlalo. Alijua wapi pa kuvuta pumzi, wapi pa kuinua shingo sauti inapopanda, wapi pa kutetemesha kidevu. Waimbaji wengi hufanya hivyo siku hizi na hakuna anayewashika shati, lakini wenzake angalau hufuata sauti zao wenyewe.

Na usharika ulipoinuka kuimba nyimbo za kitabuni, Beatha naye aliinuka, akafungua mdomo na kuufunga bila kutoa hata mlio. Hiyo ilikuwa amri ya baba yake. "Watu watakutambua," alimwambia. Hata nyumbani hakuimba, si jikoni, si shambani, si alipombembeleza mwanawe Shukrani alipokuwa mchanga. Kijiji kimepangwa kwenye mteremko, nyumba juu ya nyumba, na anayekohoa chini anapewa pole na jirani wa juu. Basi mtoto yule alikua akijua kwamba mama mdogo ndiye anayeimba, na mama analima kabichi.

Baba yao, Nathanieli, alikuwa mzee wa kanisa na mpiga tarumbeta. Alianza na kikundi cha tarumbeta cha usharika, kile kinachoamsha watu alfajiri ya Pasaka, na watoto wake walipokua akawageuza kuwa bendi. Martin akapewa kinanda. Beatha, ambaye tangu kipaimara alikuwa akiongoza kwaya ya vijana, akapewa kipaza sauti. Wakajiita Wana wa Nathanieli. Wakapiga harusi za Lushoto, kisha za Korogwe, kisha Tanga mjini, na kote walikokwenda watu walimwuliza mzee yule, huyu binti umemtoa wapi?

Wimbo uliowatoa ulikuwa "Ukungu Ukipanda." Beatha aliutunga akipalilia maharage, asubuhi ambayo ukungu ulikuwa umelala bondeni kiasi kwamba aliisikia mito asiione. *Ukungu ukipanda nitakuona, usiondoke njiani, ningoje.* Wimbo wa mapenzi, lakini Nathanieli alisema harusi ni ya Mungu, kwa hiyo na wimbo wa harusi ni wa Mungu. Mwishoni kuna mahali sauti inapanda, inakaa juu, halafu inashuka polepole, na hapo ndipo mabibi harusi wote walipolia.

Mpiga gitaa wao wa kukodi alikuwa kijana wa Tanga, Dula. Mengine unaweza kuyamaliza mwenyewe. Beatha aliposhika mimba, Dula hakukimbia, tumpe haki yake. Alipanda mlima na wajomba zake wawili, wamevaa kanzu, kuja kuposa. Nathanieli hakuwapa hata kigoda. Aliwasimamisha uani, mvua inanyesha, akawaambia binti yake hatabadili dini kwa ajili ya gitaa. Wakashuka mlima na kanzu zao zilizolowa. Beatha aliwaona kupitia dirisha la jikoni, na tangu siku hiyo hakuupenda tena mlio wa mvua juu ya bati.

Baraza la wazee likamtenga, kama sheria ilivyo. Asishiriki chakula cha Bwana, asiimbe mbele za watu, akae nyuma mpaka atakapotubu. Na balaa halichagui wakati. Wiki hizo hizo redio za Tanga zilianza kuupiga wimbo wake, na mtu mwenye kamera akaja kutengeneza video kule Irente, kwenye ukingo wa mlima ambako wageni huenda kutazama tambarare. Beatha alikuwa na tumbo la miezi saba.

"Asimame Angel," alisema Nathanieli. "Ni midomo tu. Sauti ni yako."

"Tate, watu watadhani ni yeye," Beatha alimwambia baba yake.

"Wadhani kwa muda. Wewe ukirudi kundini, utarudi jukwaani. Siku hiyo hiyo. Nakuahidi mbele ya mama yako."

Mama yao Esteria alikuwepo, anachambua maharage kwenye ungo. Hakuinua macho. Beatha akaishika ahadi ile kwa mikono miwili. Watu waliitazama video, wakasema sauti za ndugu hufanana na mdogo amempita dada, na miaka ilipopita wakasahau nani alianza.

Sasa, kwa asiyejua taratibu za huko, mtu hajirudishi kundini mwenyewe kama mbuzi anayerudi zizini. Kila mtaa una mzee wake wa kanisa. Ukitaka kutubu unamwendea yeye, yeye anapeleka jina lako kwenye baraza, baraza linaridhia, halafu mchungaji anakupokea mbele ya watu. Kumruka mzee wa mtaa wako ni kumvua nguo hadharani. Na mzee wa mtaa wa akina Beatha alikuwa Nathanieli.

Kila Kwaresima Beatha alipiga magoti mbele ya baba yake. "Tate, umenipelekea jina?"

"Nimepeleka, mwanangu. Wanasema bado."

Mwaka mmoja walisema bado kwa sababu mtoto ni mchanga. Mwaka mwingine wakasema bado kwa sababu alionekana akicheka sana kwenye harusi ya watu. Mwaka uliofuata hata sababu hawakutoa. Nathanieli alizileta habari hizo akiwa na huzuni, akimshika bega, akimwambia wazee wale wana mioyo migumu. Beatha aliwachukia wazee wale mmoja mmoja. Akikutana nao njiani aliwaamkia shikamoo kama inavyopasa, lakini moyoni alikuwa akiwaombea mvua ya mawe kwenye mapeasi yao.

Na kazi haikusimama. Kila wimbo mpya ulipohitajika, Beatha alishuka Lushoto mjini kwa Martin, akaingia kwenye chumba kilichotundikwa magodoro ukutani, akaimba. Martin hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu asiyependa ugomvi, na watu wa namna hiyo wamewahi kusaidia dhambi nyingi. Miaka ilipokwenda, baridi na moshi wa kuni vikamkwaruza Beatha koo, na pale pa kupanda akawa hafiki. Martin akamwambia asijali, kompyuta itampandisha. Kweli ilimpandisha, na kwenye flashi sauti ya Angel haikuzeeka hata siku moja.

Esteria alipofariki, Wana wa Nathanieli waliimba makaburini. Spika ziliwekwa juu ya meza chini ya miti ya migrivea, Angel akasimama kwenye udongo mwekundu na gauni jeusi, akafuata wimbo ambao Beatha alikuwa ameurekodi siku mbili kabla akiwa analia kwelikweli. Kilio kile kilikuwemo ndani ya wimbo, na watu walikisikia. "Huyu mtoto kamlilia mama yake mpaka mawe yamelia," alisema Mama Secilia, jirani yao, akimgeukia Beatha. "Wewe mwenzetu umekauka kabisa. Hata wimbo mmoja kwa mama yako?" Beatha akamjibu kwamba yeye ametengwa. Akachukua jembe akasaidia kufukia.

Wahenga walisema mvumilivu hula mbivu. Wahenga hao hawakuwa na miti ya mapeasi, maana peasi likingoja sana huivia ndani kwanza, na nje bado linang'aa.

Mwaka huu usharika ulipata mchungaji mpya, Benjamini, kijana wa upande wa Amani, ambaye bado alikuwa na tabia ya kuwatembelea watu kwa miguu. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Alimkuta Beatha kwenye kabichi zake, yeye mwenyewe amevaa mabuti ya mvua yaliyompwaya.

"Bwana asifiwe, Mama Shukrani."

"Amina, mchungaji. Karibu. Samahani, sina hata pa kukukalisha."

"Nasimama tu." Alisimama kweli, anageuzageuza kofia mkononi. "Mama, nimekuja kukuuliza jambo, na usinione nakuingilia. Kwa nini hutaki kurudi kundini?"

Beatha aliinama tena kwenye kabichi, kwa kuwa hakuelewa. "Sitaki mimi?"

"Nimewauliza wazee. Wanasikitika sana juu yako. Wanasema kila mwaka humtuma mzee wa mtaa akuulize, na kila mwaka anawaletea jibu lile lile, kwamba umekataa, moyo wako bado mgumu. Mzee Nathanieli juzi amelia mbele ya baraza. Mimi nikasema acha niende mwenyewe."

Beatha alikuwa na kisu cha kukatia kabichi mkononi. Alikiweka chini polepole, akakitazama kilipolala, akaona ni vizuri amekiweka chini. Kikulacho ki nguoni mwako. Wazee wale aliowaombea mvua ya mawe walikuwa wakimngojea na mikono wazi, kila Kwaresima, na mlangoni alikuwa amesimama baba yake.

"Mchungaji," alisema, "nataka kurudi. Nataka hata leo."

"Basi jina lako nitalipeleka mimi. Sikukuu ya mavuno haiko mbali."

Beatha alimkuta Nathanieli barazani anasugua tarumbeta yake kwa kitambaa, mikono yenyewe ikitetemeka siku hizi. Hakumpa shikamoo. Katika nyumba ile hilo peke yake lilikuwa kama kuvunja sahani.

"Umewaambia nimekataa."

Mzee alisugua kidogo zaidi. "Kaa chini."

"Umewaambia miaka yote hii nimekataa!"

"Ningewaambiaje?" Aliiweka tarumbeta magotini. "Ungerudi kundini ungetaka jukwaa, na ahadi nilikupa. Angel ningempeleka wapi? Watu wameshampenda yeye. Bati hili, ada ya mwanao, vyombo vya Martin, vyote vimekuja kwa uso wa Angel. Ungesimama wewe, nani angetualika? Mwanamke aliyezalia nyumbani, anaimba nyimbo za maharusi!"

"Kwa hiyo ulinifukia nikiwa hai."

"Nilikuficha. Kufichwa si kufukiwa." Na machozi yakamtoka mzee yule, machozi ya kweli, hilo ndilo lililomkera Beatha zaidi. "Nenda kwa mchungaji, tubu, sitakuzuia. Lakini ukienda kusema ile sauti ni yako, umemuua mdogo wako. Mwaka huu amealikwa Dar, tamasha la Pasaka. Watamzomea barabarani. Hiyo damu utaibeba wewe."

Beatha aliondoka. Usiku na mchana aliligeuza neno lile, na hasira ilipopoa kidogo alipata njia aliyoiona ya haki. Hatasema neno. Hatamtaja Angel wala baba yake. Atangoja apokewe kundini, halafu ataimba tu, kwa koo lake, mbele ya usharika wake. Watu wana masikio. Wameisikiliza sauti ile harusini na makaburini, wanaijua kuliko wanavyojua sauti za watoto wao. Wataisikia na watajua, na hakuna atakayesema Beatha alimchongea mdogo wake.

Tangu siku hiyo alianza kunywa maji ya moto na asali, na kila alipokuwa peke yake bondeni, mto unapopiga kelele, alijaribu kupanda.

Sikukuu ya mavuno kanisa lilijaa mpaka madirishani. Mbele kulikuwa na mafungu ya kabichi na karoti, vikapu vya maplamsi, miwa, kuku waliofungwa miguu, na kondoo mmoja aliyeitikia kila mchungaji alipotulia. Beatha aliitwa. Alitembea kutoka benchi la nyuma hadi madhabahuni, na njia ile fupi ilikuwa na macho mengi. Alipiga magoti kwenye saruji. Mchungaji Benjamini akamwuliza kama anajuta, akasema anajuta. Akamwekea mikono kichwani, akamwinua, akamwambia karibu tena nyumbani. Vigelegele vikapigwa. Wazee wa baraza walikuja mmoja mmoja kumshika mkono, wengine wanalia, na Mzee Nathanieli alikuja wa mwisho. Mkono wake ulikuwa wa baridi. Beatha akakaa benchi la mbele, karibu na Shukrani, ambaye alimshika kidole na hakukiachia mpaka ibada ilipokwisha.

Baada ya ibada watu wakatoka nje kwenye mnada. Asiye na fedha hutoa sadaka ya alichovuna, na vitu hivyo hunadiwa hapo uwanjani. Mnadi alikuwa Mwalimu Heri, mtu wa Tanga aliyehamia kufundisha, mwenye ulimi ambao ungeweza kumwuzia Msambaa ukungu. Aliuza kuku mmoja mara tatu, maana kila aliyemnunua alimrudisha kwa sifa. Aliuza kabichi ya Mama Secilia kwa bei ya mbuzi.

Na mnada wa Kwemtindi una mchezo wake. Mtu yeyote anaweza kununua wimbo. Anaweka fedha, anataja mtu, na aliyetajwa ama aimbe pale pale, ama ajikomboe kwa kutoa zaidi. Ndugu yake pia aweza kumkomboa, kwa fedha au kwa kuimba yeye badala yake. Kila mwaka kuna aliyejaribu kumnunua Angel, na kila mwaka Nathanieli alimkomboa haraka, akisema koo la mtoto linahitaji kupumzika. Watu walicheka, wakamwita bahili wa sauti.

Mwaka huu alikuwa mfanyabiashara mmoja wa mjini, mwenye lori la viazi. "Naweka elfu hamsini!" alipiga kelele. "Angel atuimbie 'Ukungu Ukipanda.' Bila spika, bila kinanda. Kwa koo lake!"

Umati ukalipuka. Angel alikuwa amesimama na kikapu cha maplamsi, akicheka, na kicheko kikabaki usoni peke yake. Nathanieli aliingiza mkono kwenye koti. Mfanyabiashara akaongeza. Nathanieli akatoa mkono kwenye mfuko wa kulia, akaingiza wa kushoto, na midomo yake ikawa myeupe.

"Nitamkomboa mimi," alisema Beatha. "Nitaimba badala yake."

"Aaah!" alipiga kelele Mwalimu Heri. "Amerudi kundini asubuhi, mchana anamkomboa mdogo wake! Huo ndio udugu! Makofi!"

Beatha alisimama katikati ya uwanja, miguu kwenye majani yenye unyevu. Alimwona Angel, amekumbatia kikapu, macho yamemtoka kwa hofu. Alimwona Martin anatazama viatu vyake. Akavuta pumzi, akaanza.

*Ukungu ukipanda nitakuona.*

Uwanja ukanyamaza. Hata kondoo alinyamaza. Miaka kumi sauti ile haikuwa imepita hewani mbele za watu bila waya, na Beatha mwenyewe alishangaa kuisikia ikimtoka, imekuwa nzito kidogo, ina chembechembe kama unga usiochekechwa, lakini ni yake. Aliona Mama Secilia anaweka kiganja mdomoni. Akajiambia, wamejua. Furaha ilimpanda kifuani kwa nguvu mpaka ikamwogopesha. Aliimba ubeti wa pili akiwatazama mmoja mmoja, naam, ni mimi, ni mimi niliyewaozesha, ni mimi niliyemlilia mama yangu makaburini.

Akafika mwisho, mahali pa kupanda. Akapanda. Sauti ilifika nusu, ikakwama, ikakatika. Akakohoa, akaimalizia chini kwa chini.

Kisha makofi, makofi mengi, ya watu wema.

"Jamani!" Mwalimu Heri alikuwa anapangusa macho. "Mmeona? Ningefumba macho ningesema ni Angel! Kumbe huko nyuma alikuwa anasikiliza kwa makini, amemwiga mpaka pumzi!"

"Kipaji kiko kwenye damu," alisema Mama Secilia kwa mshangao. "Sikujua kama bado anajaribu. Ila ndiyo hivyo, mwenye nacho ni mwenye nacho. Pale juu ni pa Angel."

Mfanyabiashara alitoa fedha zake, akasema ameridhika, lakini Pasaka atapanda basi hadi Dar akamsikie mwenyewe. Watu wakacheka. Ndipo Angel alipokiangusha kikapu, maplamsi yakatawanyika, akaja mbio akamkumbatia dada yake shingoni, analia.

"Nisamehe, dada," alimnong'oneza. "Nisamehe."

"Waambie," alisema Beatha sikioni mwake. "Waambie wewe."

Angel alitikisa kichwa begani kwake, akazidi kulia, na umati uliowatazama ulizidi kupiga makofi. Msichana maarufu vile, walisema, anamlilia dada yake aliyeanguka. Hana majivuno hata kidogo. Nathanieli aliinua tarumbeta yake, akapiga wimbo wa kushukuru, na akapatia kila sauti.

Beatha angeweza kupiga kelele. Mdomo aliufungua. Lakini shahidi wake wa pekee alikuwa koo lake, na shahidi huyo alikuwa ameshasimamishwa mbele ya watu wote akashindwa. Angesema nini tena? Aliufunga mdomo, kama alivyozoea.

Walirudi nyumbani wawili, yeye na Shukrani, kwa njia ya mteremko inayopita kwenye migrivea. Beatha alikuwa na kabichi kwapani, kabichi yake mwenyewe, aliyoitoa sadaka na mtu akamnunulia kwa pongezi. Mtoto aliruka mawe, anaimba kwa sauti ndogo. Kisha akageuka.

"Mama, umeimba vizuri."

"Asante, mwanangu."

"Ila pale mwisho, mama mdogo huwa anapanda zaidi. Nikufundishe?"

Beatha alisimama. Bondeni ukungu ulikuwa umeanza kukusanyika. Uchungu aliokuwa ameumeza uwanjani ulimrudi wote kwa pamoja, na akaona kwamba kama dunia nzima imekataa kujua, huyu mmoja hapana.

"Shukrani, nisikilize. Wimbo ule nimeutunga mimi. Kwenye redio, kwenye simu, siku ile ya kumzika bibi, anayeimba ni mimi. Zote ni mimi. Mama mdogo anafungua mdomo tu."

Mtoto alimtazama. Hakucheka. Uso wake uliingia wasiwasi, akageuka kutazama nyuma njiani, kama kuna mtu aliyesikia, halafu akamsogelea mama yake na kumshika kidole kile kile alichokishika kanisani.

"Mama, umetubu leo hii hii," alisema taratibu. "Usiseme tena hivyo. Watakurudisha benchi la nyuma."